Neno Alilosema Baba Juu ya Tishari

Mama Rose, na ninyi wengine wa jumuiya ambao kila Alhamisi mnaniuliza "hebu tuambie, ilikuwaje huko", nimeamua kuandika mara moja nipumzike. Nimeisimulia safari hii vipandevipande pale sokoni, na juzi imenirudia kwamba nilifunga duka nikaenda Butiama kwa mganga. Hiyo nayo nitaieleza, maana haikutoka hewani.

Kitaji, Musoma, ninapokaa

Mnajua kwetu ni Ukerewe. Msichojua wengi ni kwamba kijiji chetu, pale karibu na Rugezi, hakikuwa cha wavuvi kama mnavyopenda kututania. Sisi tulikuwa watu wa ajira za majini. Kulikuwa na watu wa tope, ambao wanaume wao walifanya kazi kwenye mtambo wa kunyonya tope bandarini ili meli zisikwame. Kulikuwa na watu wa lango, wa kwenye pantoni, kazi yao kuteremsha lango, kupanga magari na kupandisha lango, mpaka uzeeni. Na tulikuwepo sisi, watu wa kamba, wa kwenye tagi. Tagi ni kile kiboti kifupi, kinene, chenye injini kubwa kuliko umbo lake, kinachovuta meli na matishari. Tishari ni lile boti bapa lisilo na injini: usipolivuta haliendi popote.

Watu wa tope waliwaita watu wa lango mabawabu. Watu wa lango waliwaita watu wa tope vyura. Wote kwa pamoja walituita sisi mbuzi, kwa sababu tunashinda na kamba. Msichana akiposwa, kabla hata ng'ombe hawajatajwa, bibi yake anauliza: kijana ni wa tope, wa lango au wa kamba?

Baba alikufa nikiwa na miaka saba. Alikuwa juu ya tishari lililojaa mawe, tagi inavuta, upepo ukachafuka ghafla. Tishari likazama, na baba hakuonekana tena. Watu wote saba wa kwenye tagi walirudi salama. Siku ya tatu akaja karani kutoka ofisini Musoma, akasimama mlangoni kofia mkononi, akamwambia mama: "Aliyekuwa kwenye kamba ni Masatu. Anasema neno la mwisho la mumeo lilikuwa 'niache'."

Basi. Neno moja tu, mama akabaki nalo. Asubuhi ya siku ile walikuwa wamegombana. Mama alitaka baba ahamie kwenye pantoni, kazi ya nchi kavu nusu, na baba akasema mtu wa kamba hawezi kwenda kuwa bawabu. Mama akamjibu, "Nimechoka kuolewa na kamba." Ndilo lilikuwa neno lake yeye la mwisho. Kwa hiyo alipoambiwa mwanamume anayeogelea kama kamongo amesema "niache", alielewa jambo moja: mume wangu amechoka na mimi, amekubali kufa. Hakumwambia mtu. Mimi aliniambia nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, na akaniapisha nisiwaambie wadogo zangu. Leo nawaambia ninyi kwa sababu yeye mwenyewe ameniruhusu.

Huyo Masatu alikuwa rafiki wa baba tangu utoto. Hakuja msibani. Tukasikia ameacha maji kabisa, amekwenda kuoa kwa Wazanaki huko Butiama, anafuga. Jina lake halikutajwa nyumbani kwetu tena, mpaka mwezi ule mama aliponipigia simu. Miguu ilikuwa imemvimba, pumzi inakata.

"Nyanjura," akaniambia, "niletee Masatu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Umesikia. Niletee Masatu. Nataka anieleze kwa kinywa chake kama baba yako alijiachia mwenyewe. Sitaki nikamkute huko mbele sijui nianze na neno gani."

Butiama, na habari ya mganga

Nilishuka Butiama saa nne asubuhi, nikaenda kijiweni kwa bodaboda. Nikasema kwa heshima zote: "Namtafuta mzee mmoja anaitwa Masatu, mtu wa visiwani. Zamani alikuwaga anafanya kazi majini."

Yule dereva akanitazama kwa huruma, toka juu mpaka chini. "Mama, unasumbuliwa na nini?"

"Sisumbuliwi na kitu."

"Wote wanasemaga hivyo hivyo. Panda."

Nikapanda. Tukapita ofisi za wilaya, tukaacha lami, tukapita kati ya mawe makubwa yale ya kwao, tukafika kwenye uwanja uliofagiwa vizuri. Kulikuwa na bendera nyekundu na nyeupe juu ya mti, na akina mama wameketi kwenye mkeka kimya, mmoja na kuku. Nikaambiwa nivue viatu. Mimi nikadhani ni usafi wa mzee, nikavua. Kisha akaja msaidizi mwenye daftari akaniuliza kama jina lake nalijua.

"Nalijua, Masatu."

"Si la mtu, mama. La huyo jini."

Jamani, kuuliza si ujinga, lakini kuna namna ya kuuliza. Nikamwambia hapana, hapana, mimi namtafuta mtu wa majini. Akaniambia, "Umefika." Nikamwambia wa tagi. Akafikiri kidogo, akasema kwa upole, "Hilo hatujawahi kulipata hapa."

Mganga mwenyewe alitoka kwa sababu ya zile kelele zangu. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu, amevaa sweta. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakohoa, akaketi. "Unamtaka Masatu wa Mafundo," akasema. "Yule hana majini. Ana ng'ombe tu." Akanielekeza njia na kunipa maji ya kunywa. Dereva wa bodaboda hakuomba radhi. Njia nzima alikuwa ananilaumu: "Ungesema ziwani, mama. Majini, majini, mtu ataelewaje?" Kwetu majini ni kazini. Ndiyo maana mkaambiwa nilikwenda kwa mganga, na aliyewaambia ni mpwa wa yule dereva, namjua.

Kwa Masatu wa Mafundo

Nilielewa jina lake kabla sijamwona. Kwenye ule mji wake kila kitu kilikuwa kimefungwa kwa fundo ambalo mimi nililijua. Kamba ya ndama, kamba ya kuanikia nguo, kamba ya ndoo, hata mlango wa zizi. Mafundo ya tagi, katikati ya nchi ya ng'ombe. Na kila kamba, baada ya kufungwa, mkia wake ulikuwa umefungwa tena mahali pengine. Mke wake, Mama Wakuru, aliniona nashangaa.

"Ukiona hapa kamba ina mkia unaning'inia, ujue mgeni ndiye ameifunga," akasema. "Nimeishi naye miaka yote hii, sijui ni ugonjwa gani. Lakini dume likisumbua kwenye josho, wilaya nzima wanamwitaga yeye."

Mzee alikuwa mrefu, amenyooka, vidole vimebapa. Nikampa shikamoo. Akadhani nimekuja kununua mitamba. Kwa muda mrefu alinisifia mtamba mmoja mweusi, mama yake anakamwa vipi, bibi yake alizaa mara ngapi, na mimi nilikosa pa kuingilia. Mama Wakuru akaleta ugali wa mtama na maziwa mgando, akaniomba radhi kwamba kwao samaki hawapikwi. Mumewe alipomwoa, sharti lake lilikuwa hilo moja tu. Nilikula maziwa. Nilishiba mpaka usingizi ukataka kunichukua hapo hapo, nami sijasema lililonileta.

Jioni akiwa anafunga ndama ndipo nikasema. "Mzee, mimi ni Nyanjura. Binti wa Magesa, wa tagi."

Hakushtuka. Alimaliza kumfunga ndama, akafunga mkia wa kamba, akajaribu kuuvuta kuona kama umeshika. Kisha akaketi chini, kwenye mavi ya ng'ombe, na suruali yake safi.

"Mama anakuita," nikamwambia.

"Mama yako? Kwa jina?"

"Alisema, niletee Masatu."

Alinirudisha mara tatu, niseme mama alisema nini, na kwa sauti ipi. Asubuhi aliibuka na koti la suti linalonuka dawa ya nondo, na kibuyu cha maziwa mkononi. Mama Wakuru akanishika mkono pembeni. "Huyu mtu tangu nimjue hajakanyaga hata Musoma," akaninong'oneza. "Watu wote wanapeleka ng'ombe Musoma, yeye anatuma. Umempa nini wewe?"

Nyamuswa, siku ya mnada

Tulipata gari dogo la kwenda Bunda kupitia Nyamuswa, na Nyamuswa ikatukamata. Ilikuwa siku ya mnada. Dereva akasema anaangalia mbuzi mmoja tu, dakika kumi. Tulikaa pale kwa muda wa saa tatu. Ng'ombe walipita kushoto, walipita kulia, mmoja akachungulia dirishani na kupumua kwenye koti la mzee.

Nilimnunulia michembe, vile viazi vikavu. Mwuzaji, mama mnene mwenye maneno, akamtazama mzee na koti lake akauliza kama tunakwenda harusini.

"Nakwenda kwenye kesi," mzee akasema.

"Basi kula, baba. Hakimu akikukuta na njaa utakubali hata ambayo hukufanya." Akamwongezea kiganja kizima.

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha. Mnanijua. Nikamwuliza waziwazi: "Mzee, baba alisema nini siku ile?"

Alitafuna, akameza. "Hicho kitu nilikisema mara moja, kwa karani. Mara ya pili nakwenda kumwambia mwenyewe. Hapa katikati hakuna."

"Mimi ni mtoto wake."

"Najua. Ndiyo maana unanibeba."

Nilinuna. Nilinuna mpaka Bunda, na nilinuna vizuri, bila kukatiza. Yeye hata hakuonekana kuona. Mbuzi wa dereva tulikuwa naye nyuma, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaongea.

Bunda mpaka Kisorya

Bunda tulilala kwa binamu yangu. Kesho yake, kwenye gari la Kisorya, mzee akamwuliza kondakta ziwa litaonekana upande gani, kisha akachagua kiti cha upande mwingine. Mlima Balili ukabaki nyuma yetu. Alikaa, kibuyu mapajani, amefumba macho, nikajua hajalala kwa sababu midomo ilikuwa inacheza.

Tulipoipita Kibara akafumbua. Mimi sikuwa nimeona tone la maji bado.

"Limepanda," akasema.

"Nini?"

"Ziwa. Limepanda sana. Nasikia harufu ya majani ya nchi kavu yameoza majini."

Dereva akageuka kabisa, mpaka abiria wakampigia kelele atazame barabara. "Mzee amejuaje? Kweli limepanda. Kule mbele kuna nyumba za watu zimeingia maji, na mashamba yote ya pembeni."

Mzee akaomba asimamishiwe gari. Nilitegemea abiria wagombe, lakini hakuna aliyegomba, nadhani lile koti liliwatisha. Akashuka, akavuka barabara, akasimama. Ziwa lilikuwa limetanda lote, kijivu, na upepo unaliandama juu juu. Nikamfuata nikasimama naye. Hakuwa anaongea na mimi, alikuwa anaongea tu.

"Pale chini ni mchanga. Pale mbele ya mwamba kuna tope, kina cha watu wawili, nanga haishiki. Pale ambapo pamelala kidogo, unaona? Hapo ni jiwe. Watu wa tope walitufundisha. Walikuwa wanatuletea udongo wa chini kwenye bati, kila mahali na bati lake, tunashika mpaka tunajua."

Mimi ziwa hili naliona kila siku ya Mungu. Nafua nguo naliona, nafungua duka naliona. Siku ile ndipo nilipojua kwamba nimekuwa naona paa lake tu. Chini kulikuwa na nyumba nzima, na watu wa kijijini kwetu, ambao ninyi mnawaita watu wa dagaa, waliijua nyumba ile chumba kwa chumba, gizani, kwa vidole. Wale abiria nao walikuwa wameshuka mmoja mmoja, wamesimama nyuma yetu kama wako kanisani. Dereva alikuwa amezima gari.

Kisorya

Pantoni ilikuwa upande wetu lakini haiondoki. Magugu yalikuwa yamesukumwa na upepo, yamejaza gati lote, kijani kibichi, bata wanatembea juu yake. Tukaambiwa tusubiri upepo ugeuke. Tulisubiri tangu saa tano mpaka saa tisa na nusu. Nilikula sato wa kukaanga, wawili, kwa furaha ya mtu aliyetoka kwenye maziwa. Mzee hakutaka. Kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa: anasimama, anakaa, anafunga kifungo cha koti, anafungua.

Upepo ukageuka. Pantoni ikaanza kujisogeza kinyumenyume, lakini magugu yaliyobaki yakaisukuma pembeni, na ile kamba iliyoishikilia kwenye nguzo ya chuma ikakaza mpaka inalia. Pale kwenye nguzo alikuwepo dada mmoja wa makamo, amevaa buti na ovaroli. Namjua, ni Stela, wa ukoo wa watu wa lango hasa. Akawa anahangaika kutoa kitanzi cha kamba kwenye nguzo, hakitoki. Akageuza uso kuelekea pantoni, akaita kwa nguvu:

"Niachie!"

Na hapo ubavuni kwangu, kabla mtu yeyote wa kwenye pantoni hajafungua mdomo, ikatoka sauti ambayo sikuamini ni ya mzee yule:

"Umepata!"

Gati zima likageuka. Mtu wa kwenye pantoni, mikono kwenye kamba, akabaki anatushangaa, kisha akakumbuka kazi yake akalegeza. Kitanzi kikatoka. Stela akainua mkono, akatucheka kwa mbali. "Kumbe mzee ni mbuzi!"

Nikamshika mzee kiwiko, nikamwuliza maana yake nini.

"Kamba ikikaza, kitanzi hakitoki," akasema. "Aliyeshika kitanzi anasema niachie, yaani nilegezee. Mwenye kamba analegeza, na anajibu, umepata. Lazima ajibu. Kwenye upepo yule mwenzio hakuoni, hajui kama umemsikia. Usipojibu anabaki peke yake."

Niachie. Herufi moja, jamani. Na sisi watu wa huku, Kiswahili tumekikuta shuleni na ofisini, herufi za katikati tunazimezaga bila habari. Yule mtu wa kofia alikuwa mtu wa huku. Nikakaa juu ya gunia la mtu.

"Mzee," nikasema, "kuna mtu wa kamba anayesemaga 'niache'?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe hutaga. "Akuache wapi? Kwenye nguzo?"

Hakuelewa kwa nini nauliza. Nikaona kwamba hajawahi kujua sisi tuliambiwa nini. Nami nikafunga mdomo, na mnajua hiyo kwangu ni kazi. Lile neno lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ng'ambo.

Nyumbani kwa mama

Tulimkuta mama ameketi nje ya mlango, kwenye kiti chenye mto, miguu juu ya kigoda. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Mzee Masatu alisimama mbali, nje ya ua, kibuyu mikononi, hakuingia mpaka mama aliposema, "Pita." Salamu zilikuwa fupi. Mama hakumwita kwa jina wala kwa cheo chochote.

"Sema," mama akamwambia. "Mume wangu alipokuambia umwache, alisemaje? Kwa sauti gani?"

"Nimwache?" Mzee akanitazama mimi, akamtazama mama. "Nani alisema nimwache?"

"Mliniletea mtu. Akasema, Masatu anasema neno lake la mwisho lilikuwa niache."

Mzee akaweka kibuyu chini taratibu. Nilimwona anavyolielewa lile jambo, hatua kwa hatua, uso wake ukawa unabadilika. Karibu akasirike. "Mama Nyanjura, mimi sijawahi kumwambia karani neno hilo. Mtu wa kamba hasemi niache. Magesa alisema niachie."

Mama ni mke wa mtu wa kamba, binti wa mtu wa kamba. Hakuhitaji kuelezwa kama mimi.

Mzee akaeleza yote, amesimama vile vile. Tishari lilikuwa linajaa maji na kuizamisha tagi pamoja nalo. Kukata kwa shoka hakukuwezekana, maana kamba ile ile ndiyo iliyokuwa njia ya baba kurudi. Baba akatambaa mpaka kwenye nguzo ya tishari atoe kitanzi ajivike kiunoni, kisha waliokuwa kwenye tagi wamvute. Kamba ilikuwa imekaza. Akaita, niachie.

"Nikalegeza. Akatoa kitanzi, akajivika. Tagi ikawa huru, sisi watu saba tukapona hapo hapo. Nikaanza kumvuta." Akameza mate. "Mkia wa kamba, huku kwangu kwenye tagi, sikuwa nimeufunga. Asubuhi niliufungua niuanike, nikasahau. Wimbi likaja, kamba ikapita mikononi mwangu yote. Ikaisha. Ndicho nilichomwambia karani. Nilijua mmeambiwa. Ndiyo maana sikuja msibani, ningekuja na uso gani?"

Kwa hiyo miaka yote ile yeye alidhani tunamchukia kwa kamba, na sisi tulimchukia kwa neno ambalo hakulisema.

"Ulimjibu?" mama akauliza.

"Eti?"

"Alipoita. Ulimjibu?"

"Nilimjibu, mama. Nilisema umepata. Akainua mkono."

Mama akafumba macho. Nikasikia anasema, si kwetu, "Kumbe alikuwa kazini." Akasema tena. Kisha akanyoosha mikono, akamwonyesha mzee asogee, akamgeuza viganja. Vilikuwa na makovu ya kuungua, mapana, kutoka kidole gumba mpaka cha mwisho. Nilikuwa nimekula naye, nimesafiri naye siku mbili, sikuwahi kuviona. Mama akavipapasa, akavifunga ndani ya mikono yake, wala hakusema amemsamehe. Kwetu neno hilo watu hawaliambiani usoni.

"Kuna jambo lingine," mama akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Siku ile tuligombana. Aliondoka hajanywa uji. Nimekuwa nikiwaza alikufa na njaa."

"Njaa?" Mzee Masatu akakaribia kucheka. "Alikula ugali wangu wote, na dagaa zangu. Nikamwuliza kwani kwako hakuna chakula. Akasema uji upo, umefunikwa kwa kawa, lakini ameondoka kwa kiburi na sasa anauonea aibu. Akasema jioni akirudi ataunywa hivyo hivyo, hata ukiwa umepoa, mpaka wewe ucheke."

Mama akamwachia mikono. Akafunika uso kwa kitenge chake kipya.

"Niliumwaga," akasema. "Saa ile ile, kwa hasira. Niliwamwagia kuku."

Na alipokiondoa kile kitenge usoni alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, na mzee Masatu naye vivyo hivyo, wazee wawili wameegemeana kama walevi, nami nimesimama katikati ya ua nisijue nimshike nani.